Mwaka Nilionenepa kwa Njaa

Wanafunzi wangu wananiita Mwalimu Miguu, na wanadhani sijui. Nafundisha jiografia katika sekondari moja hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, na ni kweli kwamba mwanafunzi akirudi kutoka likizo na mashavu mapya, mimi humtazama miguu kabla ya kumtazama usoni. Mke wangu ameniambia mara nyingi kwamba mwanamume mzima anayekodolea macho miguu ya watoto wa watu atapigwa siku moja, na atapigwa kwa haki. Basi nimeona niandike, ili huyo atakayenipiga awe amesoma kwanza.

Sababu ya karibu ni msichana mmoja wa darasa langu, nitamwita Neema. Mwaka jana alikuwa mwembamba hata wenzake wakamwita Antena. Baada ya likizo alirudi uso umekuwa mviringo na shingo haionekani ilikokwenda. Darasa zima lilimpigia makofi. Hapa kwetu mtu aliyenenepa husalimiwa mpaka na asiowajua, na mwembamba huulizwa homa imeanza lini. Nilimwita kando, nikamuuliza polepole, akaniambia anameza vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni wazi kabisa, pamoja na sabuni na betri. Nikamwita mama yake. Akaja amevaa kitenge cha sikukuu, maana alidhani nataka kumpa hongera.

"Mwalimu," akaniambia, "si Mungu njo amemukumbuka?" Njo ya Kindu ni ndiyo au ndiye ya kwenu.

Tulimpeleka hospitali. Presha ilikuwa imepanda kama ya mzee. Daktari akawaonya wasimkatize vidonge kwa ghafla, kwa sababu mwili uliokwisha kuzoea dawa ile unaweza kuanguka ukinyimwa mara moja. Akampunguzia yeye mwenyewe, kidogo kidogo. Sasa Neema anaendelea vizuri, shingo imerudi. Mama yake ndiye aliyeniuliza nilijuaje, nami nikamjibu kwamba katika ujana wangu nilimshinda binti yake kwa unene. Akataka kusikia habari yote. Alicheka, akalia, kisha akaniambia niandike kwa ajili ya wazazi wengine. Mdogo wangu Mwamini, ambaye leo ana watoto wanne na duka la vitambaa, amesoma hapa nilipofika na kusema ninajisifu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa kwanza sekondari, na vita ilikuwa imeizunguka Kindu. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Kila asubuhi alivaa kofia yake, akaenda stesheni, akahakikisha kwamba treni haijafika, akarudi nyumbani amechoka kama mtu aliyeisukuma. Mashamba ya mbali yalikuwa hayafikiki, kwa sababu waliokwenda hawakurudi wote. Mto ulikuwa na askari upande huu na wengine upande ule, na ni samaki peke yao waliokaa kwa amani. Chumvi ilikuja kwa ndege, ikalambwa kama dawa. Mpunga wetu wa Maniema, unaosifiwa hata na watu wasiotupenda, tuliukumbuka kama marehemu. Tulikula muhogo, majani ya muhogo, na siku ya Ijumaa, kwa heshima ya siku, muhogo.

Ndipo nikaanza kunenepa.

Ilianzia miguuni, ikapanda polepole. Asubuhi niliamka macho yamezibwa na mashavu yangu mwenyewe. Wa kwanza kufurahi alikuwa Bibi, mama mzazi wa baba, ambaye tangu nizaliwe aliniita mume wake na kunidai matumizi ya nyumba.

"Mume wangu," akasema, "uko unanona sawa tajiri wa migodi ya Kalima! Unakula wapi na siye hatuoni?"

Jirani yetu Mama Sikitu hakulichukulia jambo lile kwa mzaha. Alisimama uani kwetu, mikono kiunoni, akanitazama kama mtu anayekagua mbuzi. "Kikohozi haifichike," akasema, "na muchele vilevile. Nyumba hii iko na gunia." Toka siku ile watoto wake walikuja kucheza kwetu saa za kula tu. Mkubwa wa mtaa naye alipata habari, akaja kutafuta gunia chini ya kitanda cha Bibi. Alikuta kopo kubwa la maziwa ambalo mjomba, mchimbaji, alikuwa ameacha kwetu likiwa limejaa kasiterite, ule mchanga mweusi wa bati. Alijaribu kuliinua kwa mkono mmoja, likamshinda, akaondoka ameshika mgongo. Mchanga ule ni mzito kupita unavyoonekana, na mtu asiyeujua hukosana nao.

Baba, ambaye kwa kawaida hakupenda kutembea na mtoto, akaanza kunichukua stesheni ili wenzake wanione. "Mafuta ya mutu njo banki yake," aliwaambia. Lakini aliyenenepa hasa kwa mwili wangu alikuwa mama. Vita ilikuwa imemnyang'anya kila kitu cha kujivunia: meza yake sokoni, vitenge vyake, hata sufuria kubwa. Mashavu yangu yakawa ndiyo mali iliyobaki. Wanawake walimuuliza anapika nini, naye akatabasamu bila kujibu, jibu likiwa ni majani yale yale waliyopika wao.

Shuleni nikapewa cheo. Wakaniita PDG, yaani mkurugenzi wa kampuni, na nikaketishwa kwenye dawati peke yangu kwa sababu ya ukubwa wa tumbo. Nywele zangu zilibadilika rangi, zikawa nyekundunyekundu, wakasema tajiri ameanza kuwa mzungu. Ngozi ya mapajani ilibanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, wakasema anavua ngozi ya umaskini. Mchezo mkubwa ulikuwa miguu yangu. Ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki, na wenzangu walichimba mashimo safu mbili wakawa wanabishana kama kete zingekaa, tucheze kisolo, bao la kwetu. Mimi nilicheka pamoja nao. Sikusikia maumivu, na mkurugenzi hapaswi kulalamika.

Kitu kimoja tu hakikuingia katika hesabu ya utajiri wangu: mikono. Mikono ilibaki ya mtu mwingine, miembamba kama vijiti vya mwiko, nami niliificha ndani ya shati la baba la mikono mirefu. Tena sikuwa na njaa. Mji mzima ulilia njaa na mimi nilisukuma sahani. Nilisinzia darasani, nikasinzia nikitembea, nikakasirika mtu akinisemesha. Bibi aliona chakula ninachobakiza, akakifikiria sana, kisha akaamua kwamba tajiri hali mbele za watu.

Mwanzoni mwa mvua alikuja shuleni muuguzi aitwaye Mama Feza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza harusi. Alikuwa akipima watoto wa shule ya msingi ya jirani kwa utepe wenye rangi, unaozungushwa mkononi. Mkuu wetu wa sekondari, tuliyemwita Prefe, hakutaka shule yake ionekane ya wenye njaa. Akanitoa darasani, akanisimamisha mbele ya mgeni.

"Madamu, andika vilevile kama kwetu kuko watoto sawa huyu," akasema.

Mama Feza alinitazama miguu. Akachuchumaa, akabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, akangoja, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Akafanya hivyo mguu wa pili. Kisha akanyanyuka, akavuta juu ule mkono mrefu wa shati, na utepe wake ukazunguka mkono wangu ukabaki mwingi.

"Prefe," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuitarajia kwake, "mwenye kuugua kupita wote leo njo huyu. Huyu hakunona. Huyu amejaa maji."

Prefe alicheka. Mama Feza hakucheka, na mimi ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza.

Alikuja nyumbani mwenyewe jioni ile ile. Baba alikasirika, akauliza kama serikali sasa imeanza kuwaonea wivu hata watoto. Bibi akauliza kama mjukuu wake ni mtungi, mpaka ajae maji. Mama hakupiga kelele. Alinishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuzia kwa mgeni. "Mutoto yangu haiko mugonjwa," akasema. "Ona mwenyewe." Alilirudia neno hilo kila Mama Feza alipofungua mdomo. Mwishoni muuguzi akataja, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba huko kituoni wanatoa maziwa.

Bibi akainua kichwa. "Maziwa ya kweli?"

"Ya kweli, mama."

"Basi, muache aitwe mugonjwa," akasema Bibi, akaanza kufunga mizigo. Mama alibaki na Mwamini, aliyekuwa na miaka minne, kwa sababu ilibidi mtu atafute majani ya kupika na kumpelekea baba maji huko stesheni kwake.

Kituo kilikuwa maturubai yaliyofungwa nyuma ya zahanati, na ndani yake mikeka, akina mama na watoto wachanga. Mimi ndiye peke yangu niliyejua kusoma. Siku ya kwanza mama mmoja aliniuliza mtoto wangu yuko wapi. Tulingoja kuandikishwa tangu asubuhi mpaka jua likasimama, miguu yangu ikipasuka kwa joto, na Bibi akasalimiana na kila mtu, akajua nani kafiwa, nani kaachwa. Kusema kweli sikuwahi kumwona akifurahi hivyo tangu vita ianze. Ilipofika zamu yangu ikawa mizani hainitoshi. Waliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kutundika, yenye kisuruali cha watoto wachanga. Wakatuma watu wakaazime baskili kwa mfanyabiashara, ile mizani ya chuma ya sakafuni ya kupimia magunia ya mpunga na madini.

Bibi alipoiona, furaha yake ikaisha. Alikuwa ameuza mpunga miaka mingi, na baskili zote alizozijua ziliibia wakulima. Unaleta gunia lililojaa, mwenye baskili anagusa chuma chake, na gunia linakuwa limekonda njiani. "Hii njo balansi ya wale wezi," akaninong'oneza. "Uikanyage kwa nguvu."

Dawa yangu ilikuwa maziwa, kikombe kidogo, kisha baada ya muda kikombe kingine kidogo. Bibi alikitazama kikombe kile, akanitazama mimi, akamtazama Mama Feza.

"Muntu mukubwa sawa huyu, munamupa kikombe ya paka?"

"Mama, mwili ya njaa ukiujaza mbiombio inapasuka. Tutaongeza."

"Njaa gani? Hamuoni tumbo?"

Nilikunywa maziwa ya paka, na baada ya siku chache maji yakaanza kunitoka. Wasomaji wenye haya waruke mistari hii. Nilikojoa asubuhi, nikakojoa adhuhuri, nilikwenda chooni mara nyingi hata akina mama wakaacha kunipisha na kuanza kunisindikiza kwa nyimbo. Miguu ikaanza kuonyesha mifupa yake. Uso ukashuka, nikaona tena pua yangu, ambayo nilikuwa nimeisahau. Siku ya mizani Mama Feza alisoma chuma, akaruka.

"Ameshuka!" akapiga makofi. "Ameshuka sana! Mungu iko!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi alibaki ameketi, mdomo wazi. Alikuwa amemleta mume wake mahali penye maziwa ili anone, na wenye maziwa wanashangilia kwamba amepungua. Mama Feza alimweleza kwamba kilo zinazoondoka ni za maji, mtoto mwenyewe atapanda baadaye. Bibi aliitikia kwa adabu zote, ndiyo mwanangu, ndiyo, kama alivyowaitikia wafanyabiashara. Lakini mkulima yeyote wa Maniema anajua dawa ya mizani mwizi: unatia jiwe chini ya gunia.

Alikwenda nyumbani kuangalia hali, akarudi na hirizi. Ilikuwa mshipi wa kitambaa cheusi ulioshonwa vifuko vifuko, akanifunga kiunoni chini ya kaptula. Aliniambia ni aya zilizoandikwa na mwalimu wa chuoni na nisimwonyeshe mtu. Nilimwamini, kwa nini nisimwamini? Kila siku ya mizani ilipokaribia aliuchukua mshipi "ukasomewe", na kila ulipotoka kusomewa ulikuwa umeongezeka. Ulinichubua nyonga. Nilipomlalamikia aliniambia maneno ya Mungu ni mazito, na mimi, mwanafunzi mzuri wa dini, niliona jibu linatosha. Watoto wengine walipimwa uchi, lakini mimi nilikuwa mvulana mkubwa, nikaachiwa kaptula. Mama Feza aliwahi kuugusa ule mshipi, Bibi akamwambia "hirizi yake", naye akaondoa mkono. Hakuna mtu wa Kindu, Mwislamu wala Mkristo, anayevua hirizi ya mtoto wa mwenzake.

Kuanzia hapo nikaacha kushuka. Miguu yangu ilikuwa kavu, mbavu zinahesabika, na baskili inasema vile vile. Bibi akatulia, akawa ananiambia sasa wezi wamekutana na mwenyeji wao. Jambo ambalo hakulijua, nami sikulijua, ni kwamba maziwa yanapimwa kwa kilo za mgonjwa. Tulipovuka kutoka maziwa madogo ya mwanzo kwenda maziwa makubwa, yenye nguvu zaidi, nilipewa ya kwangu na ya mchanga wa mjomba pia.

Nikaanza kuhema nikiwa nimelala. Tumbo liliharisha, na moyo ulinigonga kifuani kama mtu aliyefungiwa nje. Niliogopa kusema, kwa sababu akina mama wote walikuwa wakinisifu jinsi ninavyomaliza kikombe. Karibu na pale nilipolala mtoto mmoja alikuwa amefariki wiki ile. Mama yake alikunja mkeka polepole sana, kona kwa kona, na hakuna aliyempigia vigelegele wala kumsemesha. Nilielewa kwamba mahali pale wapo pia wasiopona. Nilimshika Bibi mkono nikakataa kuuachia hata aliposwali.

Daktari alikuja, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza kifua muda mrefu. Alibonyeza miguu, hakuona shimo, akaikunja midomo. Akasema na Mama Feza kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, kwa sababu Bibi alikuwa amesogea mpaka katikati yao.

"Maji imetoka miguuni lakini kilo haitoke," akasema. "Inawezekana maji imejificha ndani, karibu na moyo. Au maziwa inamuzidi. Lakini maziwa tumepima sawasawa."

"Munapima na nini?" akauliza Bibi.

"Na kilo zake, mama."

"Kilo zile za balansi?"

"Zile zile. Mutoto mwenye kilo nyingi, maziwa mingi. Sasa, kama maziwa inapita nguvu ya moyo, moyo utasimama."

Nilimwona Bibi uso ukibadilika, na sitausahau, kwa sababu alikuwa mwanamke ambaye hata askari hawakuwahi kumnyamazisha. Akanijia, akanipandisha shati mbele ya watu wote, akaanza kufungua mshipi. Fundo lilikuwa limelowa jasho, likakataa. Akainama, akaling'ata kwa meno machache aliyokuwa nayo. Uzi ukakatika mahali pasipotakiwa, vifuko vikafumuka, na mchanga mweusi wa mjomba ukamwagika juu ya mkeka, juu ya viatu vya daktari, mpaka chini ya baskili yenyewe.

Pale palikuwa na wake za wachimbaji si chini ya nusu. Hawakuhitaji kuelezwa. "Kasiterite!" mmoja akalia, na akina mama wote wenye nafasi wakaanguka magotini kuokota, wengine na watoto mgongoni. Daktari alivua miwani. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo, na Mama Feza akacheka, na mimi nikacheka nikihema. Bibi peke yake hakucheka. Alisimama katikati ya wale wanaookota akasema, "Mupime tena. Mupime yeye mwenyewe."

Nikapanda baskili na kaptula yangu tu. Daktari aliisoma, akaacha kucheka. Aliisoma tena. Hakutamka kwa sauti, alimwonyesha Mama Feza kwa kidole, naye akanishika bega akanishusha kama mtu anayeshusha mayai. Wakapunguza maziwa saa ile ile. Daktari alimwambia Bibi, bila kumgombeza, kwamba siku chache zaidi na moyo ungeshindwa. Bibi aliketi kando ya mkeka wangu akaniangalia mwili kwa mara ya kwanza bila hirizi wala maji, mbavu, nyonga zilizochubuka, magoti makubwa. "Kumbe uko hivi," akasema. "Kumbe muda yote ulikuwa hivi." Akajifunika kanga, akalia.

Moyo ulitulia polepole. Halafu, siku moja mvua ikinyesha, nikasikia kitu tumboni nisichokitambua. Nilidhani ni ugonjwa mwingine, nikamwita Mama Feza. Akanisikiliza, akaniuliza inafananaje, nikamweleza kama nilivyoweza. "Hiyo inaitwa njaa," akasema, akanikumbatia. Nilikuwa nimeishi miezi bila kuisikia. Wenzangu, mtu wenu akiugua hivi, siku atakayowatukana kwa sababu chakula kimechelewa, mshukuruni Mungu.

Baada ya maziwa ikaja karanga, ile siagi tamu ya kwenye pakiti, nami nikawa nalamba pakiti mpaka maandishi yanatoka. Kumbikumbi waliruka, Bibi akawakaanga kwa chumvi ya kuombaomba kwa jirani wa mkeka, na sijala kitu kitamu zaidi mpaka leo, pamoja na harusi zote nilizoalikwa. Siku za mizani Bibi alinikagua mwenyewe kabla ya wauguzi, mifuko, kiuno, hata masikio. Nilipanda kidogo kidogo, na safari hii kila kilo ilikuwa yangu.

Mvua zilipopungua wakaturuhusu. Nilikuwa mzima, na nilikuwa mwembamba kupita nilivyowahi kuwa. Nilitembea kwa miguu yangu kutoka kituoni mpaka nyumbani bila kuketi, nikajiona shujaa.

Nyumbani nilipokelewa kama maiti. Mama Sikitu aliniona kwanza, akashika kichwa. "Walimukula!" akapiga yowe. "Mutoto wa watu, walimukula yote!" Majirani wakajaa uani. Waliofikiri tunaficha mchele sasa walinihurumia kwa moyo mmoja, na mzee mmoja akampa Bibi pole ya msiba. Bibi alisimama na mzigo kichwani, hakuweza hata kupata pa kuingilia na maneno.

"Lakini Mungu haachi mutu," akasema Mama Sikitu, akijifuta macho. "Ametwaa kwa huyu, ametia kwa mwingine. Angalieni Mwamini!"

Mama alikuwa ametoka mlangoni na Mwamini mgongoni. Aligeuka ili tumwone vizuri, na usoni mwake kulikuwa na ile fahari ya siku zangu za ukurugenzi. Mwamini alikuwa amejaa mashavu. Macho yalikuwa membamba, nywele nyekundunyekundu. Alinitazama, mimi kaka yake aliyekuwa hajaniona tangu mwanzo wa mvua, hakucheka wala hakulia.

Bibi aliutazama mguu wa mtoto uliokuwa ukining'inia kiunoni mwa mama. Hakuugusa. Mzigo haukushuka kichwani.

"Mwanangu, vaa viatu," akamwambia mama. "Tunarudi."

Mama akarudi nyuma mpaka mgongo wa Mwamini ukagusa mlango. "Huyu hapana," akasema. "Moja mumemurudisha hivi. Na huyu tena? Muniachie moja mwenye kuonekana muzima."

Nilimwonea mama huruma hata nikatamani nirudishiwe maji yangu yote, nivimbe mbele yake, asiwe na haja ya kuambiwa. Bibi akasema polepole, "Miye vilevile sikutaka kuona. Karibu nimuue."

Mama akanigeukia mimi. "Weye njo ulikuwa huko," akasema. "Niambie. Ilikuwa inauma?"

"Haiumi, mama," nikamjibu. "Njo maana hatukujua."

Alifungua kitenge, akamshusha Mwamini ardhini taratibu. Mtoto hakusimama. Aliketi pale alipowekwa, mikono juu ya magoti, kama mzee aliyechoka na habari za dunia. Mama Sikitu akaanza kusema waache mtoto wa wenyewe, mashavu kama yale hayaonekani mji mzima. Mama alimnyanyua Mwamini, akamfunga tena mgongoni, akakaza fundo.

"Munipishe," akawaambia. "Mutoto yangu iko mugonjwa."